Niliandika "Baba Hajulikani"

Kuna kitabu kidogo cha jalada la kijani kinachozunguka katika nyumba za wakwe zangu, kuanzia Sirari kuvuka Isebania hadi Kehancha. Kinaorodhesha watu wa ukoo wa mume wangu, walio hai na waliotangulia. Juu ya jalada hakuna jina la mwandishi. Mwandishi ni mimi, na ndani yake mna uongo ambao niliuandika nikijua. Wapo ndugu ambao mpaka leo wananitetea, wanasema nilikosea kwa ugeni. Nawashukuru, lakini si kweli, na utetezi huo umenilemea kuliko lawama. Ugeni unaeleza sehemu tu ya kosa, tena ile ndogo.

Mimi ni Mchaga wa Machame. Kwetu, mtu akitaja jina lake la mwisho amekwisha kukueleza mengi. Massawe, Swai, Lema, Kimaro, Mushi: hayo ni majina ya koo, na ukoo una vihamba vyake, wazee wake na historia yake mlimani. Mtoto hulibeba jina hilo hata akizaliwa Mbeya au Mtwara. Vijana wawili wakikutana mjini, wakagundua wote ni Massawe, huulizana kwanza babu zao kabla ya jambo jingine lolote. Nimekulia humo. Kisha nikaajiriwa masijala katika ofisi ya serikali, nikatunza kumbukumbu mpaka nikastaafu, nikipanga majalada kwa jina la mwisho, herufi kwa herufi. Mtu akifika dirishani na majina mawili nilimrudisha akalete la tatu, "jina la ukoo". Sikuwahi kujiuliza kama wote niliowarudisha walikuwa nalo.

Wakurya hawana jina la ukoo la namna hiyo. Mtu ana jina lake na la baba yake. Mwita aliyezaliwa na Chacha ni Mwita Chacha. Akizaa mtoto akamwita Marwa, huyo ni Marwa Mwita, na mwana wa Marwa akiitwa Chacha atakuwa Chacha Marwa. Jina la mwisho linahama kila kizazi. Tena majina yanayopendwa yanarudiwa mno, Chacha, Mwita, Marwa, Wambura kwa wanaume, Bhoke, Robi, Ghati kwa wanawake, hata darasa moja la shule ya Tarime linaweza kuwa na akina Marwa kadhaa wasio na udugu wowote. Jirani zao Wazanaki nao walikuwa hivyo. Nyerere lilikuwa jina la baba, Mzee Nyerere Burito wa Butiama. Mwana aliitwa Kambarage. Leo wajukuu wanaitwa Nyerere kwa sababu ubatizo, shule na karatasi za serikali zililikuta jina mahali fulani zikalizuia lisisogee tena.

Mkurya akitaka kujua wewe ni nani anauliza ikiaro chako, yaani lile kundi kubwa la watu wenu. Wairege, Wanyabasi, Wakira, Watimbaru, Wanyamongo, Wanchari, Wasweta, Wakenye. Upande wa Kenya utasikia Abairege, Abanyabasi, Abakira na Abagumbe. Ndani ya ikiaro kuna egesaku, ndani ya egesaku kuna irigiha, chini yake eeka, mpaka unafikia mji wa mtu mmoja. Hata hapo hujamaliza, kwa sababu ndani ya mji kuna nyumba. Kila mke ana nyumba yake, na kila nyumba ina ng'ombe wake. Binti akiolewa, ng'ombe wa mahari yake huingia katika nyumba ya mama yake, na ndio watakaomwolea kaka yake wa tumbo moja. Wazee wanaweza kukaa wakakusimulia ng'ombe fulani aliingia kwa harusi ya nani, akatoka kwa harusi ya nani, miaka hamsini nyuma. Hayo ndiyo masijala yao. Nilikaa nao nikiwasikiliza kwa adabu, huku mkononi nina karatasi yenye safu tatu za majina.

Mpaka nao ulikuwa umeongeza fundo lake. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari kutoka mdomo wa mto Umba, baharini, hadi pale latitudo ya digrii moja kusini inapokutana na Ziwa Viktoria. Ulipofika kwetu ulipinda ukauzunguka Kilimanjaro na kuuacha mlima wote kwa Mjerumani. Baada ya hapo ulinyooka, ukapita katikati ya Wakira, Wairege na Wanyabasi kana kwamba hapakuwa na mtu. Upande wa Kenya wakoloni walizipa lokesheni majina ya ibiaro hivyo, Bukira, Bugumbe, Bwirege na Nyabasi, na wanaume wakavalishwa kipande, kitambulisho cha kikoloni, shingoni. Upande wa Tanganyika kulikuwa na watemi mpaka cheo hicho kilipofutwa mwaka 1963. Kisha ikaja 1977: Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Tanzania ikaufunga mpaka, na haukufunguliwa mpaka 1983. Watu walivuka kwa njia za miguu, misiba na harusi hazikusubiri serikali, lakini mtoto aliyekuwa akisoma ng'ambo kwa mjomba wake alimalizia shule huko huko na kuandikishwa huko huko.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wana wa mzee mmoja wa ukoo huu. Mkubwa aliandikishwa Tarime kwa jina la baba. Wa pili, aliyelelewa Isebania, alibatizwa huko na kitambulisho chake kinaishia na jina lake la Kikurya, la baba halimo. Mdogo wao alitumia jina la babu kwa sababu mwalimu wa darasa la kwanza aliandika hivyo. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja, majina matatu ya mwisho. Nikawaweka katika familia tatu. Kinyume chake, akina Marwa wa miji isiyohusiana niliwakusanya chini ya kichwa kimoja, "Familia ya Marwa", nikaona nimefanya kazi safi.

Shemeji yangu mkubwa aliiona rasimu akanikalisha chini. Alichora kwa kijiti kwenye vumbi la uani, mji, nyumba ya kwanza, nyumba ya pili, akaniambia nianze na nyumba, majina yatajipanga yenyewe. Nilirekebisha kurasa zote hizo kabla ya kuchapa. Nalitaja hili ili ieleweke kwamba nilifundishwa mapema, na nikafundishika. Kwa hiyo kosa linalofuata halina kisingizio.

Baba mkubwa wa mume wangu alifariki zamani akaacha mjane. Mjane huyo, ambaye nilimwita mama mkubwa, alizaa mabinti tu. Nyumba yake ilikuwa kwenye mteremko unaotazama upande wa Kenya. Nilipofika na daftari langu alikuwa anapepeta wimbi. Hakuuweka ungo chini, aliendelea kuurusha polepole huku akijibu, na binti wa shemeji alinitafsiria. Alinieleza kwamba mahari ya binti yake wa kwanza ilileta ng'ombe katika nyumba isiyo na mvulana wa kuwatumia kuoa. Akawatoa ng'ombe hao kwa watu wa Wanyabasi, akaleta msichana. Msichana yule sasa ni mama mtu mzima, alikuwa akipita pita nyuma yetu na ndoo za maji. Amezaa wavulana na binti mmoja, wote pale.

Nikauliza, kalamu ikiwa tayari: "Baba yao ni nani?"

"Ni mwanangu."

"Yuko wapi?"

Aliongea maneno machache, na mkalimani wangu akasita. Mama mkubwa akasimamisha ungo, akanitazama, akasema mwenyewe kwa Kiswahili: "Hakuzaliwa. Mwanangu hakuzaliwa, na hawa ni watoto wake. Andika."

Niliandika. Kwenye daftari niliandika kama alivyosema.

Mkoa mzima wa Mara wanaufahamu utaratibu huo, nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mke kwa ng'ombe wa nyumba yake, na watoto wanaozaliwa ni wa nyumba hiyo, huitwa kwa jina la marehemu mume wake. Wengine husema kwa kifupi kwamba bibi ameoa. Mama mkubwa alisema kwa urefu: alimwolea mwana. Kwa hesabu ya ukoo, mwana huyo ambaye hakuzaliwa alikuwa shemeji yangu, mama aliyekuwa akibeba ndoo alikuwa mke wa shemeji yangu, na wale vijana waliponiita mama mdogo hawakuwa wakinipa heshima ya bure. Nilikuwa mama yao mdogo.

Sisemi haya ili kuupamba utaratibu wenyewe. Wapo wasichana waliotolewa wakiwa wadogo kwa sababu baba zao walitaka ng'ombe, na wapo waliochaguliwa mwanamume wa kuzaa naye bila kuulizwa. Nililichukia jambo hilo na bado nalichukia. Lakini kuchukia jinsi mama mmoja alivyoingizwa katika nyumba ni jambo moja, na kuwafuta watoto wake katika nyumba hiyo ni jambo jingine. Niliyachanganya kwa makusudi, kwa sababu la kwanza lilinipa sura ya mtu mwema wakati nikifanya la pili.

Usiku wa kuandika ukurasa ule nilikuwa nyumbani kwetu, Dar es Salaam. Niliwaza juu ya nani atakisoma kitabu: watoto wangu, wenzao wa shule, watu wa usharika wetu, mchungaji. Niliwaona wakifika kwenye mstari unaosema baba wa watoto hawa hakuzaliwa, halafu wakiinua macho na kunitazama. Nikaona aibu. Haikuwa aibu ya mama mkubwa, yeye hakuwa nayo hata chembe. Ilikuwa yangu, ya mtu aliyeolewa katika ukoo akatamani ukoo huo uonekane kama wa kwao. Nikapiga mstari juu ya maneno yake kwenye daftari. Kwenye kompyuta, katika safu ya baba, nikaandika: hajulikani. Mama yao sikumwandika kuwa mke wa mtu yeyote. Nikaandika: anaishi na bibi.

Mume wangu alikuwa sebuleni akisikiliza taarifa ya habari. Sikumuuliza, kwa kuwa nilijua angenijibu nini.

Hebu fikirini maneno yale yana maana gani kwa Mkurya. Mtoto ambaye baba yake hajulikani ni mtoto ambaye hakuna ng'ombe waliotoka kwa ajili yake. Kumbe ng'ombe walitoka, walihesabiwa, walipokewa mbele ya mashahidi, na mabinti wa mama mkubwa walikuwa wameolewa kihalali ili hilo liwezekane. Niliandika kana kwamba hakuna aliyewahi kuwahangaikia watoto wale kabla hawajaja duniani, wakati nyumba ile ilitoa kila ilichokuwa nacho ili waje.

Kitabu kilichapwa katika duka la steshenari mjini Tarime, kikagawiwa ndugu walipokutana Krismasi. Watu walikishangilia. Wengi walitafuta ukurasa wao, wakaridhika, wakafunga. Mama mkubwa hakujua kusoma. Alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka kwenye sanduku lake, na akanibariki.

Alipofariki, mtoto wa ndugu wa marehemu mume wake alidai shamba la mteremkoni. Hoja yake ilikuwa kwamba mjane hakuacha uzao, hivyo ardhi irudi kwa ndugu wa karibu. Alikwenda barazani na kitabu cha kijani, akafungua ukurasa wangu. Kitabu cha ukoo wenyewe, kimeandikwa na mtu aliyefanya kazi ofisini miaka yote. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu, kwa hiyo nyumba kama ile inapofika mbele ya vyombo vya serikali haina cheti cha kuonyesha. Kinga yake ni ukoo kusema: hawa ni wetu. Na maandishi pekee ya ukoo yalikuwa yanasema vinginevyo.

Kijana mkubwa wa nyumba ile alinipigia simu. Alinipa shikamoo kama siku zote, akauliza habari za watoto, kisha akasema: "Mama mdogo, uliandika wewe hivi, au kuna mtu alibadilisha?"

Nikamjibu kwamba huenda ni kosa la uchapaji.

Uongo wa kwanza nilikuwa nimeuandika usiku, peke yangu. Huu wa pili nilimwambia mtu aliyekuwa ananipa nafasi ya kuwa mkweli, na swali lake lilikuwa limejaa heshima. Aliniamini. Ndugu wakaenda steshenari wakamfokea msichana aliyechapa, mwenye duka akamkata mshahara, na mimi nikasikia habari hizo kwa simu nikakaa kimya. Sikukaa kimya kwa sababu ya mshtuko. Nilikuwa napima kama uongo utashika.

Ulishika mpaka wazee walipokutana kusikiliza shauri. Walinitumia ujumbe kwa shemeji mkubwa: mwandishi aje, alete alichoandikia. Nilijua daftari lina nini. Ningeweza kusema limepotea. Katika kazi yangu nimewaona watu wakisema hivyo, na mara nyingi hupita. Kilichonizuia ni yule msichana wa steshenari. Mama mkubwa alikuwa amekufa, kijana alikuwa na wazee wa kumsemea, lakini msichana yule hakuwa na mtu yeyote upande wake, wala hakuwa wa ukoo huu. Nilichukua basi na daftari.

Nilisimama mbele yao nikasoma maneno ya mama mkubwa yaliyoko chini ya mstari wangu, na nikaeleza kwa nini niliyakata. Hakuna aliyepandisha sauti. Mzee mmoja aliuliza swali moja tu: je, alikwambia, au ulibahatisha? Nikasema aliniambia. Akataka isemwe tena ili walioko nyuma wasikie. Baada yangu walisimama mashahidi wa mahari, wakataja ng'ombe mmoja mmoja, rangi yake na alikotoka, mmoja alikuwa na ndama, mwingine alikuwa na pembe iliyovunjika, wakataja na waliokuwepo siku ya kukabidhi. Nilisikia kumbukumbu kamili kuliko jalada lolote nililowahi kufungua. Wazee wakatamka kwamba vijana ni wa nyumba hiyo. Mimi nilitozwa mbuzi, nikalipa.

Kwa msichana wa steshenari nilikwenda siku hiyo hiyo, nikamwomba radhi mbele ya mwajiri wake na kumlipa alichokatwa. Alipokea pesa na kurudi kwenye kazi yake bila kunijibu, na sikuwa na haki ya kudai jibu.

Mke wa shemeji yangu, yule mama wa ndoo, alikuwepo kikaoni, amekaa na wanawake. Nilimfuata. Yeye hakuzungumza juu ya shamba. Aliniuliza kama ni kweli niliandika kwamba anaishi na bibi. Nikasema ni kweli. Akasema: "Nimezika mama mkwe wangu. Nilimwosha kwa mikono hii. Andika mimi ni mke wa wapi." Hajaniambia kwamba amenisamehe, na sijamwomba aniambie. Nimeandika alivyotaka, kwa jina lake kamili, nyumba yake na watu wa kwao.

Kitabu kipya kimeshatoka, kimepangwa nyumba kwa nyumba. Safu ya jina la ukoo nimeiondoa kabisa. Nakala za zamani nimekusanya nilizoweza, lakini zilizovuka upande wa Kenya sijazipata zote, na najua angalau moja imepigwa picha na inatumwa kwenye simu. Huko mpakani karatasi ya namna hiyo ina nguvu. Kijana akienda kuomba kitambulisho cha taifa, anaulizwa baba yake ni nani na alizaliwa wapi, na anayetaka kumkwamisha anahitaji ukurasa mmoja tu. Basi yeyote aliye nacho kile cha jalada la kijani ajue kwamba habari za nyumba ya mjane wa mteremkoni ni za uongo, zisitumike barazani, mahakamani wala uhamiaji. Aliyezitunga ni mimi.

Aliyedai shamba hakuridhika na wazee, amelipeleka shauri mbele. Daftari la awali nimelikabidhi kwa wakili wa vijana, pamoja na mstari nilioupiga. Nikiitwa kutoa ushahidi, nitakwenda.